HIFADHI YA UZAZI KWA WANAWAKE NA WASICHANA WAINGIAO KATIKA MATIBABU MAZITO

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, matawi ya Likoni, Kisauni na Changamwe yakihudhuria



Napenda kwanza kuishukuru Halmashauri kwa heshima iliyonipa ya kusema mbele yenu. Bwana Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya afya ya jamaa zetu wa huku bara ya Mombasa, akaniachia hiari ya kuchagua jambo lenyewe. Nimechagua jambo ambalo sikumbuki kulisikia likitajwa katika mikutano yetu, nalo ni hifadhi ya uzazi wa wanawake na wasichana ambao maradhi yamewalazimisha kutumia dawa kali, au mionzi, au kisu cha daktari. Najua wako wazee watakaoona haya kusikia habari za hedhi na mayai ya uzazi zikisemwa hadharani, wanawake na wanaume wakiwa wamekaa pamoja. Nawaomba radhi mapema. Lakini kazi yangu imekuwa uuguzi na ukunga kwa sehemu kubwa ya umri wangu, nami nimeona ya kuwa haya hiyo yenyewe ndiyo iliyowafanya wasichana wengine watoke hospitali wamepona, kumbe uzazi wao umekwisha funga, wala hapana mtu aliyewaambia kabla kwamba ungeweza kufunga.

Neno langu ni moja. Swali la uzazi huulizwa kabla dawa ya kwanza haijaingia mwilini. Likiulizwa baada ya miezi sita, aghalabu limechelewa. Na kwa kuwa muda wenyewe ni wa siku chache, chama kama hiki chetu chaweza kumsaidia mgonjwa katika siku hizo, ama chaweza kumkawiza.

Sipendi kuwachosha kwa elimu ya mwili, ila bila ya kujua kidogo hatutaelewana. Mwanamume hufanya mbegu mpya tangu abaleghe mpaka uzeeni. Mwanamke sivyo alivyoumbwa. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na akiba yake yote ya mayai ndani ya ovari, yaani vile vifuko viwili vilivyo upande huu na huu wa tumbo la uzazi. Wataalamu hukisia kwamba siku ya kuzaliwa ana mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Afikapo kuvunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4. Na katika maisha yake yote ni kama mayai 400 tu yatakayopevuka na kutoka, mwezi baada ya mwezi. Yaliyosalia hufifia yenyewe. Hapana awezaye kuongeza hata moja.

Basi dawa za saratani zimetengenezwa ili ziziue chembe za mwili zinazokua upesi kupita kiasi, lakini baadhi yake hazichagui. Kundi moja hasa, ambalo saiklofosfamidi ni katika hilo, huiunguza ile akiba ya mayai pamoja na ugonjwa. Mionzi ikielekezwa kiunoni hufanya vivyo hivyo, tena huweza kulikaza tumbo la uzazi lenyewe lisiweze kubeba mimba vizuri. Madhara si sawa kwa kila mtu. Msichana wa miaka 12 ana akiba kubwa. Aweza kupoteza sehemu yake nyingi na bado akaona hedhi, ijapokuwa hedhi hiyo huenda ikakoma akiwa na miaka 30 na kitu. Mwanamke wa miaka 38 akipewa dawa zile zile kwa kipimo kile kile aweza kufikia ukomo wake mwaka huo huo. Kwa hiyo yale maneno tunayoambiana vibarazani, kwamba fulani alitibiwa saratani na baadaye akajifungua pacha, hayamfai mgonjwa mwingine kitu. Inafaa aulize juu ya umri wake yeye, dawa zake yeye, na kipimo chake yeye.

Dawa hizi si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Historia yake kwa kweli ina fungu kubwa lililoandikwa huku kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza habari za uvimbe uliokuwa ukiwashika watoto taya na tumbo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili walifunga safari ndefu kwa motokaa kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe ule unapoonekana. Walitambua ya kuwa ulipatikana zaidi katika nchi za chini zenye joto na mvua. Baadaye, Kampala na Nairobi, ikadhihirika kwamba baadhi ya watoto wale waliweza kupona kwa dawa peke yake, na saiklofosfamidi ilikuwa mojawapo. Wakati ule waliosadiki kwamba saratani yaweza kuondoka bila ya kisu walikuwa wachache duniani kote. Mwaka 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Lakini katika miaka ile, mzazi ambaye angeuliza, "Je, binti yangu huyu aliyepona atazaa?" hangepata msaada wowote, kwa kuwa hapakuwa na njia yoyote ya kuweka yai la mwanamke nje ya mwili wake likabaki hai.

Njia ilifunguka polepole. Mwaka 1978 huko Uingereza alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye yai la mama yake lilikutanishwa na mbegu ya baba yake nje ya mwili. Mwaka 1984 huko Australia akazaliwa mtoto aliyetokana na kijusi kilichokuwa kimegandishwa, na mwaka 1986, huko huko Australia, wakazaliwa watoto waliotokana na mayai matupu yaliyogandishwa. Kazi ya mayai ilikuwa ngumu kwa sababu yai lina maji mengi, na maji yakiganda hufanya vipande vya barafu vinavyolipasua. Siku hizi hugandishwa ghafula, yakawekwa katika naitrojeni iliyo maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitangaza kwamba kugandisha mayai si jambo la majaribio tena. Na hapa Kenya, watoto wa kwanza wa kutungwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mwaka 2006 kwa kazi ya Daktari Joshua Noreh. Kwa hiyo, Wazee wangu, sisemi habari za ng'ambo tu.

Hata hivyo nitawapeleka ng'ambo kidogo, kwa sababu kisa chenye mafunzo zaidi kuliko vyote ni cha binti wa Kiafrika. Alizaliwa Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, na alipokuwa na miaka mitano akajulikana kuwa ana selimundu, ugonjwa tunaouita siko seli. Watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa ugonjwa huu. Tangu mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba mwenye kuurithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, na ndiyo sababu umezidi katika nchi zenye mbu kama yetu. Anayeurithi kwa wazazi wote wawili ndiye ateswaye. Msichana huyu alihamia Ubelgiji, na madaktari wa huko wakaona ugonjwa wake umekuwa mkali mno hata hapana budi apandikizwe uboho wa mifupa, na kaka yake alikuwa na uboho uliolingana na wake. Lakini ili uboho mpya upokelewe, wa zamani lazima uuawe kwanza kwa dawa kali sana, na dawa hizo huua mayai.

Alikuwa na miaka 13 na miezi 11. Dalili za kubaleghe zilikuwa zimeanza kuonekana, lakini alikuwa bado hajavunja ungo, basi hapakuwa na yai lililopevuka la kuvunwa. Madaktari wa Brussels wakafanya jambo jingine. Walimtoa ovari moja, ile ya kulia, wakaikata vipande vidogo vidogo na kuvigandisha. Kisha akatibiwa. Siko seli ikapona. Lakini ovari ya kushoto, iliyobaki mwilini, ilikufa kama ilivyohofiwa, na hedhi haikumjia. Zaidi ya miaka kumi ikapita. Akiwa mwanamke mzima aliyetaka mtoto, alirudi kwa madaktari, nao wakaviyeyusha baadhi ya vile vipande na kuvishonea mahali pake. Baada ya miezi mitano akaona hedhi yenyewe. Akiwa na umri wa miaka 27 akashika mimba kwa njia ya kawaida, bila ya kukutanishiwa yai na mbegu chomboni, na mwezi wa Novemba 2014 akajifungua mtoto mwanamume mwenye afya. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2015 na Daktari Isabelle Demeestere na wenziwe. Mjini Brussels vile vile, mwaka 2004, Profesa Jacques Donnez alikuwa amekwisha kutangaza uzazi wa kwanza wa namna hii. Lakini mama yule wa 2004 alikuwa mtu mzima ovari yake ilipotolewa. Wa Kongo alikuwa wa kwanza ambaye ilitolewa kabla ya kuvunja ungo.

Wako wanachama wenye jamaa Ghuba, na hao labda wamesikia habari za binti wa Dubai aliyekuwa na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu. Ovari yake ilitolewa Leeds, Uingereza, alipokuwa mtoto mdogo, kabla ya kupandikizwa uboho. Na mwezi wa Desemba 2016 alijifungua mtoto mwanamume London. Wazazi wake walikuwa watu wa desturi kama sisi, lakini desturi haikuwazuia kuuliza swali kwa ajili ya mtoto asiyejua hata maana yake.

Ndipo nasema kwamba katika visa vyote viwili kitu kilichokuja kwanza ni mtu mzima aliyelikumbuka swali kwa wakati wake. Mashine na naitrojeni zilifuata. Jamaa zetu wengine huchanga fedha, huuza shamba, wakampeleka mtoto India kupandikizwa uboho. Ningependa kila familia ya namna hiyo iandike barua kwa hospitali ya huko kabla ya kukata tikiti, iulize: mtoto huyu ni wa kike, uzazi wake mtauhifadhi vipi, na gharama yake ni kiasi gani? Hospitali kubwa za huko zina wataalamu wa jambo hilo, lakini asiyeulizwa huenda akadhani kwamba wazazi hawataki.

Sasa turudi kwetu. Tuchukue mfano wa mwanamke wa Likoni, mwenye miaka 29, ameolewa, hajazaa, naye amegundua kidonge katika titi. Amevuka feri kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani, kama vile mwenziwe wa Kisauni apitavyo Daraja la Nyali na wa Changamwe apitavyo Makupa. Kinyama kimekatwa na kupelekwa kupimwa. Majibu yametoka: ni saratani. Kati ya siku hiyo na siku ya sindano ya kwanza ya dawa, kwa kawaida kuna siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu, za vipimo, picha, makaratasi na bima. Nyumbani siku hizo hupita kwa kilio, na kwa shauri la mjomba na shangazi, na wengine humpeleka kwa mganga. Kumbe ndizo siku zenyewe za hifadhi! Kuvuna mayai huhitaji kama wiki mbili za sindano, na siku hizi daktari aweza kuzianza siku yoyote bila ya kungoja hedhi. Kwa mwenye saratani ya matiti huongezwa vidonge vya letrozoli ili homoni ya kike isipande sana. Mayai hutolewa kwa sindano ndefu, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na kwa kawaida huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Wiki mbili hizo zaweza kwenda pamoja na wiki za vipimo, bila ya kuichelewesha tiba hata siku moja, ikiwa tu swali limeulizwa mwanzoni.

Nitasema kweli juu ya gharama, maana chama cha watu wa kazi hakifai kudanganywa. Kazi hii katika Kenya hufanywa zaidi na hospitali na kliniki za watu binafsi, nyingi zikiwa Nairobi, na malipo yake hufika laki kadhaa za shilingi, mbali na kodi ya kila mwaka ya kuyaweka mayai. Wengi wetu hatuna. Tena mayai yaliyogandishwa si ahadi ya mtoto. Yako yatakayokufa yakiyeyushwa, yako yasiyoshika, na kadiri mwanamke alivyokuwa na umri mkubwa siku ya kuvuna ndivyo matumaini yanavyopungua. Vipande vya ovari navyo ni kazi ya hospitali chache, na kwa mwenye saratani ya damu kuna hofu ya kumrudishia ugonjwa pamoja navyo. Na yuko mgonjwa ambaye daktari atamwambia wazi kwamba ugonjwa wake haungoji hata wiki moja. Huyo na atibiwe leo. Uhai ndio wa kwanza, na mtu asije akanukuu hotuba yangu kwa kuchelewesha dawa.

Lakini asiye na laki kadhaa hakosi kila kitu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi, kwa kuwa habari hizi ndizo zisizofika Mtongwe wala Bamburi wala Mikindani. Ikiwa mwanamke atapigwa mionzi ya kiunoni, daktari mpasuaji aweza kuziinua ovari zake na kuzishonea juu zaidi, mbali na njia ya mionzi. Ni upasuaji usiohitaji friza wala maabara ya mayai. Ikiwa ana saratani ya matiti, iko sindano ya kila mwezi, goserelini, inayozilaza ovari wakati wa dawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya ovari kufa mapema, ingawa haiwezi kuchukua mahali pa mayai yaliyowekwa. Ikiwa ana saratani ya mlango wa tumbo la uzazi iliyoonekana ikiwa changa na ndogo, yako matibabu yanayokata mlango peke yake na kuliacha tumbo. Msichana aliyevimba ovari moja haifai atolewe zote mbili kwa haraka bila ya kuulizwa kama ya pili ni nzima. Kila moja la mambo haya huanza kwa sentensi moja katika chumba cha daktari: "Daktari, mgonjwa wetu angependa kuzaa siku zijazo. Tufanye nini kabla ya kuanza?"

Na lipo jambo jingine la kuwatia moyo wenye saratani ya matiti. Wengi hupewa vidonge vya kuzuia homoni, kama tamoksifeni, kwa miaka mitano au zaidi, na wakati huo haifai kushika mimba. Zamani waliambiwa wasahau. Mwaka 2023 yalitangazwa majibu ya uchunguzi wa wanawake 516 wa nchi mbalimbali ambao, baada ya kuvitumia vidonge hivyo kwa mwaka mmoja na nusu au miwili na nusu, walivisimamisha kwa shauri la madaktari wao wapate kuzaa. Katika miaka kama mitatu waliyoangaliwa, ugonjwa haukuwarudia zaidi kuliko wenzao wasiosimamisha. Wataendelea kuangaliwa, kwa kuwa saratani hiyo ina desturi ya kurudi baada ya miaka mingi. Lakini mlango si wa kufunga kwa komeo tena.

Sitakaa sana juu ya uvimbe wa fibroidi, ila siwezi kuupita kimya, maana si saratani na bado umewatoa uzazi wanawake wetu wengi. Mwanamke mwenye fibroidi anayetoka damu mpaka akakosa nguvu za kupanda ngazi huambiwa tumbo litolewe, naye kwa kuchoka hukubali. Mara nyingi yawezekana kuuondoa uvimbe peke yake. Mwanamke kijana ana haki ya kuuliza, na akitaka kusikia shauri la daktari wa pili si utovu wa adabu.

Na hifadhi iliyo rahisi kuliko zote ni kutougua. Chanjo ya kirusi cha papiloma, ambacho ndicho chanzo cha saratani ya mlango wa tumbo la uzazi, ilizinduliwa na Serikali hapa hapa Mombasa mwezi wa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Maneno mengi ya ovyo yakasemwa, kwamba ni dawa ya kuwafanya watoto wasizae. Mimi huwajibu watu kwamba ni kinyume chake hasa: chanjo hiyo huzuia ugonjwa ambao matibabu yake ndiyo yafungayo uzazi. Wajukuu wangu wamechanjwa.

Najua kuna swali la dini, wala si langu kulijibu. Nitasema tu yaliyo wazi. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuruhusu kutunga mimba nje ya mwili baina ya mume na mke walio katika ndoa, pasipo mtu wa tatu. Na Dar al-Ifta ya Misri imekwisha kuruhusu kugandisha mayai kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba yatumike ndani ya ndoa. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, halikubali kutunga mimba nje ya mwili. Lakini kuinua ovari, kuuondoa uvimbe na kuliacha tumbo, au kumrudishia mwanamke kipande cha mwili wake mwenyewe akashika mimba kwa mumewe, ni mambo ya namna nyingine. Kila mtu na amwendee sheikh wake au padri wake, amweleze sawasawa ni jambo gani kati ya hayo, maana mara nyingi jibu la "haramu" limetolewa kwa swali ambalo halikuulizwa vizuri.

Liko na swali la nani aamuaye. Nimeona mabaraza ya familia ambamo wamekaa baba, wajomba na ndugu wa mume, na mgonjwa mwenyewe yuko jikoni. Kwa mtoto mdogo wazazi ndio wenye kusema, ingawa binti wa miaka 13 ataelewa akielezwa kwa upole, na ni vema aelezwe na mama au shangazi. Kwa mwanamke mzima ni mwili wake. Mume ni mshauri, wala si mwenye kutia sahihi peke yake. Na mwanamke akiamua kwamba hataki, amechoka, anataka dawa tu, aachwe kwa amani. Wala yule ambaye haikuwezekana asitupwe. Uchungu wa kuitwa tasa na watu waliomchangia nauli ya hospitali ni jambo ambalo sitaki kulieleza zaidi mbele ya mkutano.

Bwana Mwenyekiti, sasa naja kwa mfuko wetu. Kwa kanuni ya sasa, msaada wa matibabu hutolewa baada ya mwanachama kulazwa, na baada ya risiti kuletwa na kusomwa katika kikao cha Halmashauri cha kila mwezi. Kanuni hiyo iliwekwa kwa busara, kuzuia udanganyifu, nami naiheshimu. Lakini kwa mgonjwa ninayemsema, mwezi mmoja ndio muda wote aliokuwa nao. Naomba kwa hiyo Halmashauri ipewe ruhusa kwamba mwanachama, au binti wa mwanachama, akileta barua ya daktari inayosema ataanza dawa za saratani, au mionzi ya kiunoni, au kupandikizwa uboho, Bwana Mweka Hazina pamoja na wajumbe wawili waweze kutoa fedha ndani ya siku tatu, na habari zisomwe kikaoni baadaye bila ya kutaja jina. Siombi chama kilipe gharama yote ya kugandisha mayai. Mfuko wetu hauwezi, na ningekuwa nawadanganya wachangaji. Naomba ulipe nauli, ada ya kumwona mtaalamu, na kipimo cha damu cha kujua akiba ya mayai, na pale itakapowezekana sindano za kulaza ovari. Familia itafute yaliyobaki, ikijua ni kiasi gani.

Mzee mmoja wa Kisauni, ambaye nilimwonyesha karatasi hii kabla ya leo, aliniuliza kwa heshima: tunao watoto walio hai wanaofukuzwa shule kwa karo, tutatumiaje fedha kwa mtoto ambaye hajatungwa? Ni swali la haki, nami silidharau. Nilimjibu hivi. Tunapolipa sanda na gari la maiti hatuwanyang'anyi watoto wa shule, kwa kuwa tulikwisha kukubaliana kwamba mwanachama ana heshima yake. Mwanamke huyu amelipa ada yake ya kila mwezi kama sisi. Anachoomba ni nauli na ada ya kumwona daktari, katika wiki moja ya maisha yake ambamo hawezi kungoja. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ingekuwa bora kila tawi liwe na wanawake wawili watakaokwenda na mgonjwa hospitali, kwa kuwa mtu aliyeambiwa ana saratani hasikii neno jingine siku hiyo, na mwenziwe ndiye atakayelikumbuka swali. Shauri hilo ni lake, si langu, nami nimeliandika pamoja na hoja.

Wanawake sita wamekwisha kujitolea, wawili kutoka kila tawi, na majina yao yako kwa Bwana Katibu. Hoja yenyewe iko mbele yako, Bwana Mwenyekiti, na Bibi Mjumbe wa tawi la Changamwe amekubali kuiunga mkono.